Sanduku Lisilochelewa

Kando ya nyumba ya mkulima katika mchezo wa Stardew Valley kuna sanduku la mbao. Jioni mkulima hufunua kifuniko, akatumbukiza humo alichovuna mchana, viazi, kabichi, mayai, kisha akaenda kulala. Usiku huohuo mkuu wa kijiji hupita akachukua mzigo. Kabla ya kesho kupambazuka hesabu yote imeanikwa kwenye kioo: zao hili, kiasi hiki, pesa hizi, na pesa zenyewe zimeshaingia. Hakuna karani, hakuna kilo zinazokatwa, hakuna kungoja mwisho wa mwezi. Mchezo huu ulitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone wa Marekani, aliyeuhangaikia peke yake kwa zaidi ya miaka 4 hadi ukatoka mwaka 2016. Kufikia mwisho wa 2024 nakala zake takriban milioni 41 zilikuwa zimenunuliwa. Ni watu wengi mno walionunua shamba lisilokuwepo. Nataka kuuliza walikuwa wananunua nini hasa, na nataka kuliulizia swali hilo Kisii na Nyamira, huko Kenya, mahali ambapo mtoto huzaliwa akalikuta jembe limeegemezwa ukutani, na ambapo mambo ya kazi, ya mavuno na ya Mungu hayajawahi kuwekwa vyumba mbalimbali.

Jibu linalotolewa upesi, nyumbani na hata mimbarini, ni uvivu. Kijana analima kwenye simu ilhali nyasi zimefunika shamba la babake. Anataka mavuno bila jasho. Jibu hilo linamaliza mjadala haraka, lakini ukiitazama michezo yenyewe halisimami. Michezo ya shamba inayopendwa imejaa kazi, tena kazi ile ya kurudiarudia ambayo mvivu angeikimbia kabla ya nyingine zote. Mkulima wa Stardew Valley huanza na mbegu 15 za mboga ya mizizi, zawadi ya mkuu wa kijiji, kwenye shamba lililosheheni mawe, visiki na magugu. Anavunja jiwe moja baada ya jingine. Anapiga jembe shimo kwa shimo. Kila asubuhi anabeba kopo la maji akamwagilia mche mmoja mmoja, na maji yakimwishia anarudi bwawani kuchota. Nguvu zake zina kipimo pembeni mwa kioo, na akijichosha kupita kiasi anaanguka. Siku ya nne mboga zinaiva, anavuna, anaanza upya. Farming Simulator, mchezo uliozaliwa Uswisi mwaka 2008, humkalisha mchezaji juu ya trekta akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka shamba zima ligeuke udongo mweusi. Na wapo wanaofanya hivyo saa nzima baada ya kutoka kazini, wakapaita hapo mahali pa kupumzikia. Katika Hay Day, wa kampuni ya Supercell ya Ufini, uliotoka 2012, ngano huiva kwa dakika 2, jambo linalofanana na uvivu hadi utambue kwamba dakika hizo zikiisha kuna kuvuna, kupanda tena, kulisha kuku, kuoka mkate na kujaza kibanda cha kando ya barabara. Aliyetaka kuikwepa kazi hangeitafuta kazi nyingine saa za kupumzika.

Wala hamu hii haikuanza na umeme. Mtoto wa Kenya akicheza kalongolongo hulima kijishamba kwa kijiti, akapanda majani, akapika matope, akawapakulia wenzake. Bao la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, kete ambazo mara nyingi ni mbegu za mkomwe, ni mchezo wa kusambaza mbegu shimo kwa shimo na kuzikusanya. Na yule Mjapani aliyeufungulia njia ukoo huu wote wa michezo, Yasuhiro Wada, aliyetoa Harvest Moon mwaka 1996, alikuwa mtu wa mashambani, wa Miyazaki, aliyehamia Tokyo na huko mjini akaanza kuuona uzuri wa maisha aliyoyaacha nyuma. Watu wa Bogusii, yaani Kisii na Nyamira, waliotapakaa Nairobi, Nakuru, Mombasa hadi Minnesota hawahitaji kuelezwa hisia hiyo.

Ikiwa si uvivu, ni nini? Hapa Maandiko yanasaidia, na kwa Kisii na Nyamira Maandiko si pambo la hoja. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ya Waadventista ya Nyanchwa zilianzishwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu hapo vizazi vya Wagusii vimejifunzia kusoma ndani ya Biblia, vikalipima shamba kwa Biblia. Tazama basi mpangilio wa Mwanzo. Mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza katika sura ya 2. Miiba, michongoma na jasho la uso vinaingia katika sura ya 3. Kazi ilitangulia laana. Kutamani kulima pasipo miiba, kwa hiyo, si kuiasi kazi. Ni kuikumbuka ilivyokuwa. Lakini ndani ya Biblia hiyohiyo kuna tofauti nyingine, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Miiba ya Mwanzo inatoka ardhini. Ule ujira wa wavunaji ambao Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anausikia ukipiga kelele, haukuzuiliwa na ardhi; umezuiliwa na mwenye shamba. Mashaka ya mkulima ni ya namna mbili, basi: yale yatokayo mbinguni na udongoni, na yale yatokayo mikononi mwa watu. Ya kwanza huitwa majaribu, na watu huyaombea. Ya pili huitwa dhambi, na hakuna nabii aliyewaambia maskini wayapokee kama wanavyoipokea mvua ya mawe. Dai langu ni kwamba michezo ya shamba inapendwa kwa sababu inayaacha mashaka ya kwanza, ingawa inayapunguza makali, na inayafuta kabisa ya pili. Kinachowavuta watu humo ni haki.

Ushahidi uko ndani ya michezo yenyewe. Stardew Valley ina kunguru wanaokula mimea ya asiyesimamisha sanamu shambani. Ina radi inayoweza kupiga zao. Msimu una siku 28, na usiku wa kuamkia msimu mpya mimea isiyo ya majira hayo hufa yote shambani, hata kama ilibaki siku moja iive. Mchezaji aliyekosea hesabu anaamka akakuta mashina makavu. Anahuzunika, hasemi ameibiwa. Farming Simulator 25, iliyotoka Novemba 2024, iliongeza vimbunga na mvua ya mawe, nao watengenezaji walivitangaza kama sababu ya kuununua mchezo. Mkulima wa chai wa Nyamira aliyewahi kuona mvua ya mawe ikichana majani ya shamba zima kwa nusu saa atashangaa kwamba kuna mtu anayelipa ili anyeshewe nayo. Lakini analipa. Asicholipia ni sanduku lenye kasoro. Katika Stardew Valley mkuu wa kijiji hapitwi na siku, hapunguzi hesabu, hasemi kwamba viazi vya jana vitalipwa baada ya kikao. Bei katika Farming Simulator hupanda na kushuka, tena hutofautiana kati ya mnunuzi mmoja na mwingine, ila mchezaji anaiona bei ya kila mnunuzi kabla hajamwaga hata punje. Watengenezaji wa michezo hii wamepima, kwa njia ya soko, ni mateso gani mtu anayakubali shambani hata akiwa amekuja kujifurahisha, na wameona kwamba kunguru anavumilika. Karani asiyeaminika havumiliki.

Sasa nenda Kebirigo, au Nyansiongo, au Ogembo upande wa Kisii. Mchumaji anaingia kwenye chai umande ukiwa bado unadondoka, kipande cha nailoni kimefungwa kiunoni kumkinga, kikapu mgongoni, na fimbo nyembamba iliyonyooka imelazwa juu ya michai kumwonyesha usawa wa kuchumia. Vidole vya mikono yote miwili vinakwenda pamoja: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa inatupwa nyuma ya bega bila kutazama. Jani gumu likiingia kikapuni atalitoa baadaye, kwa sababu kituoni majani humwagwa yakakaguliwa. Huko kituoni ndiko kazi ya asubuhi nzima inapogeuzwa namba. Karani anatundika mfuko kwenye mizani, anasoma, anatoa risiti. Kuanzia hapo mkulima hana tena la kuona. Majani yanakwenda kiwandani, kilo nne na ushei hadi tano za mabichi zikatoa kilo moja ya chai kavu. Chai inakwenda mnadani Mombasa ikauzwa kwa dola. Mkulima analipwa kiasi kila mwezi kwa kilo, kisha anangoja bonasi, malipo ya pili yanayokuja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Mwaka mzima wa vidole vyake unasubiri tangazo moja. Na tangazo likija, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, wa Kisii na Nyamira wakiwemo, wamelalamika mara nyingi kwamba bonasi yao iko chini ya ile ya wenzao wa Murang'a na Kirinyaga.

Sisemi karani ni mwizi. Chai imesomesha watoto wa vilima hivi, imeezeka mabati, imelipa bili za hospitali, na mpango wa wakulima wadogo ulioanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 ni kati ya mambo ambayo Kenya ina haki ya kujivunia. Bei ya dunia hupanda na kushuka, dola nayo hivyohivyo, na ubora wa chai ya eneo hadi eneo haulingani. Mtu anaweza kunijibu kwamba hayo ni hali ya soko, hayana mkosaji. Nakubali sehemu. Ila rudi kwa mchezaji wa Farming Simulator: hata yeye ana bei isiyotabirika na hakasiriki. Tofauti ni kwamba kwake bei iko mbele ya macho, na uamuzi wa kumwaga mzigo ni wake. Kinachomchosha mkulima wa Nyamira si kushuka kwa bei peke yake. Ni kuambiwa bei imeshuka mahali asipoweza kupaona, kwa hesabu asiyoweza kuifuata, baada ya majani kuondoka mikononi. Kupungukiwa ni jambo moja. Kutojua kama umepungukiwa au umepunjwa ni jambo la pili, nalo ndilo linaloila imani ya mtu kwa kazi yake.

Na kwa pareto hakuna haja ya kubahatisha. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa ua hilo jeupe linalotoa dawa ya kuulia wadudu, na miinuko ya Kisii na Nyamira ilikuwa kati ya sehemu zilizolilima. Lilikuwa zao la wanawake na watoto kwa kiasi kikubwa, la kuchuma ua moja moja na kulianika juani, zao la ada ya shule. Kisha, miaka ya 2000, wakulima wakapeleka maua kwa bodi iliyokuwa mnunuzi wao na wasilipwe, mwezi ukazaa mwezi, mwaka ukazaa mwaka. Mvua haikukosekana. Udongo haukuchoka. Watu wakang'oa mimea wakapanda vingine. Wazee hupenda kuwaambia vijana kwamba jembe halimtupi mtu, na ni kweli: jembe halikuwatupa wakulima wa pareto. Waliowatupa ni watu. Isaya, katika sura ya 65, anapoieleza nchi mpya ambayo Waadventista wa Kisii huiimba kila Sabato, hasemi kwamba huko watu watakaa bure. Anasema watajenga na kukaa katika nyumba walizojenga wenyewe, watapanda mizabibu na kula matunda yake, wala hawatapanda ili mwingine ale. Jembe lipo mbinguni mwa Isaya. Kilichoondolewa ni yule mwingine. Nikiisoma sura hiyo nauona mchezo wa shamba, na nikiutazama mchezo wa shamba naiona sura hiyo, na sidhani nawakosea heshima nabii wala mchezaji.

Kuna jambo la ardhi yenyewe. Stardew Valley inaanza na barua. Babu, akiwa kitandani siku za mwisho, anamkabidhi mjukuu bahasha iliyofungwa. Miaka baadaye mjukuu huyo, amechoka na kiti cha ofisini, anaifungua akakuta ameachiwa shamba. Mchezaji huchagua kama mjukuu atakuwa wa kiume au wa kike, na akichagua wa kike hakuna linalobadilika. Haitwi mbele ya wazee, haulizwi ameolewa wapi, haambiwi asubiri kaka zake. Kwa msomaji wa Bogusii aya hiyo moja ya hadithi ni nzito kuliko trekta zote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, na 605,576 Nyamira, zaidi ya 650. Kilomita ya mraba ni ekari 247. Gawa, ukiwa umeziweka humohumo barabara, masoko, shule na majabali: Kisii mtu anapata kama robo ekari, Nyamira zaidi kidogo ya theluthi. Mzee wa zamani aligawa ardhi kwa nyumba, kila mke na wanawe; wana wakagawa tena, na wajukuu wakagawa kilichogawanywa, hadi shamba likawa mkanda unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni, mwembamba kiasi kwamba ndizi za huyu zinayatilia kivuli mahindi ya yule. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi, na bado binti anayerudi kwao kudai sehemu yake huambiwa anavunja boma. Basi kijana anayeshika simu na kumwagilia shamba pana lisilo na kesi halikimbii shamba la babake. Analiona shamba la namna aliyoahidiwa na kila somo la kilimo alilosomeshwa, na ambalo hakuna kamba ya kupimia inayoweza kumpatia.

Hapa linakuja pingamizi ninaloliheshimu. Haki ya mchezo, mtu atasema, imepatikana kwa kuwafuta ndugu. Babu wa Stardew Valley ana mjukuu mmoja tu anayehesabika. Hakuna shangazi, hakuna mjane, hakuna kaka aliyerudi kutoka mjini bila kitu. Shamba lisilo na mgogoro kwa sababu halina watu wengine halijatatua lolote. Wagusii walikuwa na risaga, majirani wakiitwa kulima shamba la mmoja wao, jembe kwa jembe mstari mmoja, kisha wakaketi pamoja kwa pombe ya wimbi. Shamba lilikuwa mahali pa kujuana kabla ya kuwa mahali pa kuvuna. Yote hayo mchezo hauna, au unayo kwa unyonge: wanakijiji wa kupelekewa zawadi, sikukuu chache kila msimu, na marafiki wa kucheza nao kwa mtandao. Nakiri. Mchezo hauwezi kutufundisha jinsi ya kugawana robo ekari. Lakini pingamizi hili linausahihisha mchezo kama picha ya jamii, haliugusi kama ushuhuda wa hamu. Mtu mwenye kiu akiota mto, ndoto haimnyweshi, na bado imesema ukweli juu ya koo lake. Tena risaga yenyewe ilisimama juu ya haki ileile: leo kwangu, kesho kwako, na aliyelimiwa asipojitokeza kulimia wenzake alijulikana. Ilikuwa sanduku la mbao lenye sura za watu.

Pingamizi jingine ni kwamba haki hii inauzwa, na muuzaji naye ana mizani yake. FarmVille, iliyoanza 2009 ndani ya Facebook na kufungwa tarehe 31 Desemba 2020, ilipata wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi katika kilele chake, na ilijua kuwashika: usiporudi kwa wakati mazao yalinyauka. Hay Day haikaushi mazao, ila inauza almasi za kuharakisha kila kinachosubiriwa. Lawama hii naikubali yote. Kumfanya mtu aamke usiku kuokoa zao ambalo halipo ni kumchuma yeye mwenyewe, majani mawili na chipukizi, na mzazi anayemwona mwanawe akitumia pesa za chakula kununua almasi ana haki ya kuitwaa simu. Lakini angalia nguvu ya chambo iko wapi. Mtu hanaswi kwa kitu asichokitamani, na kampuni hizo hazikuiumba hamu ya kuvuna ulichopanda, ziliikuta. Kwamba imetekwa na wafanyabiashara ni sababu ya kuililia. Haiwi sababu ya kuidharau.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kiimani. Katika Marko sura ya 4, mtu anatupa mbegu ardhini, analala na kuamka, na mbegu inaota na kukua asivyojua yeye mwenyewe. Kutojua huko ndiko mahali pa shukrani. Mchezaji, kinyume chake, anajua: siku 4, maji kila siku, bei hii. Mavuno yake ni deni analolipwa, na hakuna mtu anayepiga magoti kushukuru kwa kulipwa deni. Kwa hiyo, wanasema, mchezo wa shamba unamfundisha mtu kusahau neema. Unamzoesha kuidai ardhi badala ya kuipokea. Hofu hii ni ya kweli na siwezi kuipangusa. Hata kalenda ya Stardew Valley ina juma la siku 7 lisilo na siku ya kupumzika. Mchezaji wake hana Sabato kwa sababu hakuna anayekuza kitu yeye akiwa ameuweka mchezo kando. Ukiufunga mchezo, mimea inasimama pale ulipoiacha. Wanaobishana kama kuucheza siku ya Sabato ni kazi ama si kazi hubishania vidole, na mimi naona jambo liko kwingine: anayecheza anabaki kuwa ndiye anayefanya kila kitu kiote, na kuiachilia nafasi hiyo kwa siku moja ndiyo maana ya amri.

Hata hivyo pingamizi hili linachukulia kwamba neema na haki zinashindana, kana kwamba mkulima akihakikishiwa malipo ataacha kuomba mvua. Mambo yalivyo vilimani yanaonyesha vingine. Mtu ambaye hajui kama ghala lake ni tupu kwa ukame au kwa hila hawezi hata kuomba vizuri. Ataomba subira mahali palipohitaji kesi. Atamtuhumu Mungu kwa kosa la bodi. Ataambiwa na mchungaji wake mwema kwamba ni majaribu, na mchungaji atakuwa amekosea bila kujua. Dhuluma inapenda kuvaa nguo za riziki. Ndiyo sababu kuyatenga mashaka ya aina mbili si ujanja wa maneno: pale ambapo mikono ya watu imesafishwa, kinachobaki, mvua, kunguru, mche ulioota na mwenziwe ukagoma, kinaweza kupokewa jinsi kilivyo, kutoka kwa anayekitoa. Mchezo wa shamba unaifanya nusu moja ya kazi hii. Unaonyesha ulivyo utulivu wa mtu anayejua sanduku halitamdhulumu. Nusu ya pili hauiwezi, kwa kuwa hauna wa kutoa.

Amosi aliwajua wafanyabiashara waliokuwa wakiuliza Sabato itakwisha lini wapate kuuza ngano kwa kipimo kidogo na mizani ya udanganyifu. Siku ya mapumziko na mizani ya sokoni ziko katika mstari mmoja wa sura yake ya 8, wala halikuwa jambo la bahati. Ijumaa jua likishuka nyuma ya vilima vya Manga, nyumba nyingi za Waadventista zinaweka vikapu chini. Kutoka 34 inasema amri ya Sabato haingoji wakati wa nafasi, ni hata majira ya kulima na ya kuvuna, na chai ni zao lisilo na majira. Linasukuma juu wiki baada ya wiki. Usiku ule na mchana wote unaofuata hakuna kidole kinachogusa mchai. Mvua ya alasiri inapita kama kawaida. Mchumaji akirudi shambani na umande anakuta chipukizi zimepita usawa wa fimbo yake, na baadhi ya majani yameanza kukomaa, ayachague kwa makini. Anajaza kikapu mapema kuliko alivyotarajia, anakibeba hadi kituoni, anasimama kwenye foleni, na karani ananyoosha mkono kuutundika mfuko.